Mijusi Wawili wa Anti Noi

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja niliua mijusi wawili kwa pigo moja, na kwa muda mfupi nikajiona mtu wa peponi.

Kwanza nieleze jinsi thawabu zilivyokuwa zikinisumbua. Sisi ni watu wa Tanga, ila mimi nililetwa Johannesburg nikiwa sijajua hata kufunga kamba za viatu. Madrasa ustadhi alitufundisha kwamba mjusi kafiri, yule mweupe mweupe anayetembea darini, aliupulizia moto wa Nabii Ibrahimu ili uzidi kuwaka. Ukimuua kwa pigo la kwanza unaandikiwa thawabu mia; ukihitaji la pili, zinapungua. Binamu zangu waliobaki Tanga walikuwa wakinipigia simu kutoka kwa bibi ili kunitambia: huyu kaua watatu, yule watano, wote kwa ndara. Mimi sikuwa na hata mmoja. Mtaa wetu wa Kensington kuna baridi, na mjusi mwenye akili zake hawezi kuishi mahali ambapo mwezi wa saba maji ya bomba yanauma vidole. Nilikuwa naona wivu wa kweli, wivu wa kulalia.

Mama alikuwa fundi cherehani kwenye barabara kuu, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa mbele yeye na cherehani zake mbili. Upande wa nyuma Anti Noi, mwanamke wa Thailand aliyekuwa akitengeneza kucha na kusugua miguu ya watu. Kodi walichangiana, birika la chai walichangiana, na mimi pia walinichangia, maana nikitoka shule nilikula wali kwa mama kisha nikala tena kwa Anti Noi. Kiswahili chake alikiokota kwa wateja Wakongo, kwa hiyo alizungumza cha Lubumbashi kwa sauti ya kwao, na mama alishakata tamaa ya kumrekebisha. Kila Ijumaa alinipaka rangi ukucha mmoja tu, wa kidole cha mwisho, ndio mama aliouruhusu. Nilimpenda mno. Kama mama angenigawa, ningeomba nipewe yeye.

Jumamosi moja nilipanda kigoda nifute vumbi upande wake. Nikainua kalenda iliyoning'inia juu ya saraka yake, na nyuma yake nikakutana na mijusi wawili. Walikuwa wadogo, urefu wa kidole gumba, mmoja juu ya mgongo wa mwenziwe, mikia imesokotana, na vijipande vya dhahabu vikimetameta shingoni mwao. Nikisema sikujua kuwa ni mbao nitakuwa nadanganya. Nilijua nusu. Ile nusu nyingine ilikuwa inapiga hesabu: wawili, pigo moja, mia mbili! Nikavua ndara.

Walianguka sakafuni na kuachana, kila mmoja upande wake. Pale walipokatikia palikuwa peupe, mti mtupu, na hapo nusu yangu ya pili nayo ikajua. Niliwatia kwenye mkebe wangu wa shule, kalenda nikairudisha, nikashuka kigodani nikiwa mtu mwingine.

Wiki hiyohiyo manispaa ilikuja kuchimba barabara mbele ya duka ibadilishe mabomba. Wateja wa kucha, ambao wengi huvaa viatu virefu, hawakuwa na hamu ya kuruka mitaro. Leo naweza kuyasema haya kwa utulivu, lakini wakati ule mimi mtaro sikuuona kabisa. Niliuona mkebe. Kila kiti cha Anti Noi kilipokaa kitupu, nilijua nani kakifanya kitupu: kitu kilichovishwa dhahabu na kufichwa hakikosi kuwa cha bahati, na mimi nimekivunja. Siku ya nne tangu niwavunje, nikiwa nafanya kazi za shule chini ya meza ya kukatia nguo, nikamsikia akimwambia mama:

"Mama Saumu, miye nitaenda Durban. Binamu yangu iko na nafasi kule."

"Durban? Ghafla hivi, Noi? Kuna nini?"

"Batu hapana kuya tena. Bahati yangu imekimbia."

Mama alisimamisha cherehani. Anti Noi akarudi nyuma ya pazia. Nikaanza kusikia mkanda wa gundi ukivutwa na kukatwa. Alikuwa anafunga maboksi.

Nilitoka chini ya meza nikilia kabla hata sijafungua mdomo. "Mama, ni mimi."

"Wewe nini?"

Nikafungua mkebe. Mama aliwatoa mijusi, mmoja mkono huu, mwingine mkono huu, akawageuza geuza. Kisha, kwa jicho la fundi linalotafuta upande wa pindo, akawapachika pamoja kama walivyokuwa. Akawatazama. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha kujiziba mdomo kwa mtandio mpaka machozi yakamtoka. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka hivyo mji huu. Kisha akajifuta uso, akanishika mkono, akalifungua pazia.

Anti Noi alipoviona vile vipande mkononi mwa mama, uso wake ulijifunga. Sikuelewa kwa nini amtazame mama kwa woga wakati mwenye kosa ni mimi.

"Mwanangu ana neno," mama alisema.

Nikasema yote: Nabii Ibrahimu, moto, thawabu, binamu zangu, ndara. Nililia mpaka kamasi. Anti Noi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza taratibu, "Kwenu mujusi ni mubaya hivyo?"

"Ndiyo, Anti."

"Kwetu akiita juu ya dari wakati unatoka nyumba, unangoja kidogo. Anakuchunga."

Mama alivuta uzi mwekundu kutoka kwenye kibunda chake. "Mimi kwenye mti siombi, Mola ananijua," alisema. "Lakini aliyevunja ni wangu, na fundi ni mimi." Aliwafunga mijusi kwa uzi, mzunguko juu ya mzunguko, akamalizia kwa fundo dogo ambalo huwezi kuliona usipoonyeshwa. Akampa mwenyewe. "Maneno yake sema wewe, shoga yangu. Mimi yangu yameishia hapa."

Anti Noi akawaweka kati ya viganja, akanong'ona, akapuliza. Ndipo mama alipomwinamia sikioni akamwambia jambo refu, mikono ikifinyanga hewa. Wakanitazama wote wawili.

"Saumu, nenda pale dukani spaza ukanunue maziwa."

"Mama, maziwa yapo."

"Nenda!"

Nilikuwa nimefika kwenye robot, taa za barabarani, nilipowasikia. Walikuwa wanacheka mpaka wale vijana wa kuchimba mtaro wakainua vichwa.

Miaka ikapita kabla sijajua mama alimwambia nini. Nilikuja kujua mwaka huu nilipokaribia kuolewa, nikafundwa na mama pamoja na kungwi aliyetoka nyumbani. Kungwi wetu alifinyanga vinyago vya udongo: nyoka, kobe, ndege wawili. Kila kimoja kilikuwa na wimbo wake, na nyimbo nyingine siwezi kuziandika hapa, maana baba mkwe anasoma. Mama alipowaona wale mijusi alikumbuka udongo wa kungwi wake mwenyewe, siku saba kabla hajaolewa, na habari hiyo ndiyo aliyomnong'oneza Anti Noi. Alijua papo hapo walikuwa wakifanya nini, na alijua pia kwamba aliyewachonga hakuwa mtu mchafu.

Nilimwendea Anti Noi na maswali yangu ya mtu mzima. Alinieleza bila haya, akila embe bichi kwa chumvi na pilipili. Kwao hirizi za namna hii ni nyingi, kuna mijusi, kuna tumbili, kuna hata chui, na wote wamepandana. Kijijini kwao watu huitamani baraka ile mashambani na mazizini: kinachoungana huzaa, na kinachozaa hakimaliziki. Mfanyabiashara naye akaichukua akaipeleka dukani, mteja avutwe kama dume linavyovutwa na jike, kisha ashike kama mjusi anavyoshika dari. "Na inachekesha," alisema. "Mutu akicheka, baya inaona haya, inaenda."

Barabara ilifukiwa baada ya mwezi, wateja wakarudi. Anti Noi akasema ni mijusi. Mama akasema ni Mungu na manispaa. Mpaka leo hawajakubaliana, na wala hawana haraka.

Lakini siku ileile ya embe niliambiwa jambo ambalo sikuliuliza. Kabla ya Kensington, Anti Noi alikuwa na chumba cha kazi mtaa wa Troyeville. Mwenye nyumba aliiona hirizi, akasema ni uchawi na uchafu, na jioni hiyohiyo vyombo vyake vikatolewa barabarani. Ndiyo maana kwetu aliificha nyuma ya kalenda. Na alipoinua kalenda akakuta hamna kitu, hakuwaza mtoto wala ndara. Aliwaza kwamba mama ameiona, ameitupa, na ananyamaza kwa adabu huku akitafuta siku ya kumwambia ondoka. Wateja walikuwa kisingizio. Alikuwa anafunga maboksi ili asifukuzwe tena na mtu anayempenda.

Kwa hiyo mbao siijutii sana. Ninachokijutia ni zile siku nne nilizonyamaza, yeye akidhani ukimya ule ni wa mama. Siku ile, alipoona mama anacheka, na kwamba hamcheki yeye, aliyageukia maboksi akaanza kuyafungua, na mimi niliporudi na maziwa nikamsaidia kupanga chupa za rangi moja moja.