Kambale Mwenye Mayai na Wakwe wa Yaya Charlotte

Nakumbuka tulipokuwa wadogo pale Kikula, samaki hakutoka kwenye friji. Alitoka matopeni, na sisi tulitoka pamoja naye, tope hadi masikioni. Wenzangu mliokulia Likasi mnaijua harufu ile ya mwisho wa kiangazi: vumbi jekundu, moshi wa nyasi zilizochomwa, na kijito kilichokonda kikabaki madimbwi tu. Hapo mama zetu walifunga vitenge viunoni wakabeba mabeseni, na sisi wasichana tukaacha kuruka kamba tukawafuata mbio.

Kazi yenyewe ilikuwa kuziba dimbwi kwa tuta la udongo na majani, kisha kumwaga maji nje, beseni baada ya beseni, tukiimba, hadi samaki wabaki wakigaragara kwenye tope. Mgongo uliwaka moto. Mjukuu wangu leo akibeba ndoo moja kutoka mlangoni hadi jikoni, analala kwenye kiti na simu yake akisema amekufa.

Kiongozi wetu alikuwa Tantine Georgine, dada yake baba, mwanamke wa sauti kubwa na sheria chache. Samaki mdogo anarudi. Mwenye mayai anarudi. Anayeruka tuta akaenda zake, aachwe, amejiokoa mwenyewe. "Samaki naye iko na batoto," alikuwa akisema, "na ile batoto njo chakula yetu ya mwaka inakuya."

Kaka yangu Ilunga alizicheka sheria hizo. Yeye na wenzake walitwanga majani ya sumu tuliyoyaita ububa, wakayatupa majini, na baada ya muda mfupi kila kitu kilielea, wakubwa kwa wadogo. "Samaki ni samaki," alituambia. "Akufe na mikono, akufe na dawa, mu chungu ni moya."

Tantine alimjibu bila kuinua kichwa. "Dawa haiangalie ule iko na mayayi. Minye naangalia."

Na mimi, kwa umri wangu huu, bado niko upande wa Tantine. Sioni haya kula samaki, wala nyama ya porini ikipatikana kwa jasho. Lakini anayeua lazima amwone anayemuua, na awe na nafasi ya kusema huyu ndiyo, huyu hapana. Asiyetaka kuona, basi ale maharagwe.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi, na familia ya kijana mmoja wa Kakontwe ilituma habari kwamba Jumapili itakuja kumposa dada yangu mkubwa, Yaya Charlotte. Nyumba nzima iliwehuka. Mama alitaka samaki mkubwa, kichwa chake kiwekwe mbele ya mkubwa wa wageni. Aliogopa wakwe wakila sombe, yaani kisamvu, na vidagaa watasema msichana anatoka nyumba ya njaa, waondoke wasirudi. Yaya Charlotte alimpenda yule kijana hadi akawa anaunguza bukari, ugali wetu. Ilunga akasema yeye na ububa wake watamaliza kazi, na mama alikuwa ameanza kukubali. Tantine ndiye aliyeomba apewe Jumamosi.

Jumamosi tulimwaga maji tangu alfajiri. Tulipata samaki wa saizi ya kiganja, na jua lilipokuwa juu kabisa beseni halijafika nusu. Ndipo kitu kikanigonga mguu. Nikajitupa kwenye tope kwa kifua, nikamkumbatia, na nilipoinuka nilikuwa na kambale mrefu kama mkono wangu. Wanawake walipiga vigelegele. Yaya Charlotte alilia kwa furaha. Tantine akaja, akapitisha kidole tumboni mwa samaki, na nikaona uso wake umebadilika. Tumbo lilikuwa limejaa mayai.

"Weye njo umemukamata," aliniambia. "Weye utasema."

Nilimtazama dada yangu. Aliangalia pembeni. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa kuliko siku yoyote ya utoto wangu. Kisha nikapanda juu ya tuta na kumwachia upande wa pili, kwenye maji. Akatulia kidogo, akapiga mkia, akaenda.

Jumapili wakwe walikaa, vifuniko vikafunuliwa. Bibi yao, mwanamke mnene aliyezaliwa kando ya mto Lufira, alichungua visamaki kwenye sahani yake.

"Banamama," alisema polepole, "kule kwenu samaki haikomeake, inabakia tu batoto?"

Mama aliinamisha kichwa. Mtoto kusema mbele ya wakwe ilikuwa aibu kubwa, lakini mdomo wangu ulikwisha kufunguka. "Mukubwa alikuwako. Tulimurudisha mu mayi. Alikuwa na mayayi."

Niliona mkono wa mama ukinitafuta.

"Nani alimurudisha?" yule bibi akauliza.

"Njo minye."

Yule bibi aliweka sahani chini. Akaniita, akanishika kidevu kwa vidole vyenye mafuta, akawageukia watu wake. "Mulisikia? Nyumba inahurumia mama ya samaki, muke ya mutoto wetu njo atatokea humu." Akaanza kuimba, wanawake wa pande zote mbili wakamwitikia, na vile visamaki vililiwa hadi mifupa. Ilunga mwenyewe alicheza. Kabla ya mvua kuanza Yaya Charlotte alikuwa ameolewa, na ububa haukuingia tena katika kile kijito maadamu Tantine Georgine alikuwa hai.

Juzi niliwasimulia wajukuu habari hii tukila tomson, samaki wa dukani wa friji. Kijito chetu sasa ni cheusi kwa uchafu, hakuna anayekizungumzia. Mdogo wao aliacha kutafuna.

"Na kama bale bakwe bangeenda?"

"Bangeenda," nilisema, nikijisikia mshindi kama siku ile. "Ningemurudisha tu."

Akakitazama kipande kilichokuwa kwenye sahani yake, kisicho na kichwa wala tumbo.

"Kambo," akaniita mimi bibi yake, "huyu naye alikuwa na mayayi?"

Sikujua. Enzi zetu tulijua.