Muhuri wa Kiazi na Mgeni wa Siku ya Tatu

Niliajiriwa kuwa Waziri wa Mambo ya Nje Jumamosi moja ya mvua, saa nne na robo asubuhi, nikiwa na miaka kumi na minne na soksi zilizolowa. Nimestaafu nikiwa na kumi na tano. Nawaandikia nyinyi wadogo zangu wa darasa la chini, mtakaorithi viti vyetu mwakani, msije mkasema hamkuambiwa.

Kituo changu cha kazi kilikuwa ukumbi huu huu wa Woolwich, London, mnaoujua, juu ya duka la vitambaa, tunakoletwa kila Jumamosi ili Kiswahili kisitutoroke. Mimi nilitoka Ilford, nikabadilisha treni Whitechapel, nikafika nimechelewa. Mwalimu Zuhura, anayetufundisha historia, alikuwa amechoka kutuona tukisinzia, kwa hiyo muhula ule aliugeuza ukumbi kuwa dunia.

Meza ya dirishani ilikuwa Kaskazini, dola kubwa ya kikomunisti. Mtawala wake aliitwa Katibu Mkuu, na msidanganywe na cheo. Katibu wa kawaida huandika wanayosema wengine. Huyu wengine husema anayoandika yeye. Kazi hiyo alipewa Brayani, Mkenya wa Thornton Heath, mrefu kama mlingoti. Meza iliyo karibu na jiko ilikuwa Ng'ambo, dola kubwa nyingine, hasimu wa Kaskazini. Katikati, kwenye kipasha joto, ndipo tulipokuwa sisi: Bondeni, nchi ndogo, jirani wa Kaskazini, yenye mawaziri wawili na bendera ya taulo.

Bosi wangu alikuwa Waziri Mkuu Rehema, rafiki yangu tangu nilipofika nchi hii. Rehema kazaliwa hapa hapa. Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Siku ya kwanza aliniita pembeni.

"Sikiliza, mpuuzi," aliniambia, kwa Kiswahili, nikashtuka. "Sheria inasema serikali itakayobaki madarakani mpaka mwisho wa muhula, waziri mkuu wake ndiye atakayehutubia wazazi. Nyanya yangu anakuja kutoka Mombasa. Anamwambia mama kila siku kwenye simu kwamba wajukuu wa London wamekuwa mabubu. Mimi nataka kusimama pale."

"Utasimama, mheshimiwa."

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi," nikasema, na kwa mara moja katika utumishi wangu ilikuwa kweli.

Vyombo vya kazi vilikuwa vitatu. Kwanza simu, ya kuchezea, ya bluu. Pili telegramu, yaani kikaratasi ambacho Mwalimu, akiwa mwamuzi, hukibeba kutoka meza hadi meza. Tatu, muhuri wa nchi, niliouchonga mwenyewe kutoka kwenye kiazi. Barua yoyote yenye muhuri ule ilikuwa neno la Bondeni, hata kama imeandikwa kwenye karatasi ya sambusa.

Jumamosi ya pili Kaskazini walituletea mshauri. Mshauri ni mtu ambaye hukumwomba, anayekuja kukusaidia jambo ambalo halikukushinda. Alikuwa Furaha, msichana Mkongo mpole ajabu, mwenye sahani ya mandazi.

"Shikamoo nchi ya Bondeni," alisema. "Nimetumwa kuwasaidia."

Sasa niambieni, mtoto aliyelelewa na Waswahili angefanya nini? Mgeni kaja na kitu mkononi. Rehema akainuka, akampa kiti chake kilicho karibu na kipasha joto. Mimi nikamsogezea meza. Simu ilipolia, tukaona aibu kupitisha mkono mbele ya mgeni, naye ndiye aliyekuwa karibu nayo, basi akaipokea yeye. Kufikia saa sita alikuwa akijibu, "Halo, Bondeni," bila hata kutuangalia.

Wazee husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ilipofika Jumamosi yake ya tatu mezani petu, nani ana jembe Woolwich? Mimi nikaenda kumletea chai, maana mgeni hajihudumii. Muhuri ulikuwa ukibingirika mezani kwa sababu kiazi kilikuwa kimeanza kunywea, nikamwambia, "Dada Furaha, nishikie hiki kidogo." Rehema alikuwa kwenye kona, anakariri hotuba yake kimyakimya, midomo inacheza.

Niliporudi na vikombe, kiti changu kilikuwa kimezingirwa na vifaru. Vifaru vya Kaskazini vilikuwa viti vya plastiki, na walivipanga kuizunguka meza yetu viwili viwili. Katibu Mkuu alikuwa amesimama juu ya kimoja, ameinua barua. Barua ilisema kwamba serikali ya Bondeni, kwa hiari yake, inamwalika jirani yake mpenzi alete majeshi ailinde na maadui. Chini yake kulikuwa na muhuri wangu, wino haujakauka.

Rehema aliandika telegramu kwa Ng'ambo: Tusaidieni, hatukuwaalika. Jibu likaja upesi: Tunafuatilia kwa makini. Haya, andikeni maana yake daftarini. Ni kumtazama mtu akizama huku umeshika kamba, kwa kuogopa kuwa mwenye maji atakasirika. Balozi wao, wakati huo, alikuwa anatafuna.

Mwalimu Zuhura akaja mezani kwetu. "Waziri wa Mambo ya Nje, muhuri huu ni wenu?"

Katibu Mkuu aliinama sikioni mwangu. "Wewe sema tu ndiyo, bwana. Kiti cha waziri mkuu ni chako. Mambo iko sawa."

Rehema alinitazama. Alijua nitasema nini. Mimi pia nilidhani najua. Lakini ukumbi mzima ulikuwa umenyamaza unaningoja, na udhaifu wangu mnaujua: nikiona watu wamenyamaza, lazima niwachekeshe.

"Ni wetu, Mwalimu," nikasema. "Hebu nusa. Hata kuoza umeoza kwa lafudhi ya Bondeni."

Ukumbi uliangua kicheko. Kila neno nililosema lilikuwa kweli, na jumla yake ilikuwa uongo. Rehema alikunja hotuba yake mara nne, akatoka kwenda kukaa nje ya ukumbi, kwenye ngazi, walikokaa wote waliopinduliwa.

Mwaliko ukahesabiwa halali, nami nikawa Waziri Mkuu kwa Jumamosi tatu. Niwaambieni ukweli, kazi hiyo ni nyepesi. Barua zinakuja zimeshaandikwa. Tamko la pamoja, kwa mfano, ni karatasi inayoandikwa na mmoja na kusomwa na wawili. Hata hotuba ya wazazi niliipokea kutoka kwa Katibu Mkuu ikiwa imekamilika, na pembeni kaniandikia mahali pa kutabasamu. Niliisoma kwenye treni. Pale pa kutabasamu, nikatabasamu. Kisha nikaona uso wangu kwenye kioo cha dirisha, nikafumba mdomo.

Jumamosi iliyofuata nilisimama nikakiri yote: chai, kiazi, kumwachia Furaha muhuri.

"Sori," nikamalizia.

"Kiingereza," akasema Mwalimu. "Utaosha vikombe siku ya wazazi."

"Sawa. Lakini Rehema anarudi kitini?"

Mwalimu Zuhura kakulia Kikwajuni, Unguja, kwenye maghorofa waliyojengewa na Wajerumani wa Mashariki baada ya Mapinduzi. "Wakubwa wote walikuwa na macho kwetu siku zile," alisema. "Huyu anatabasamu, yule anatabasamu. Baba yangu alifurahia bomba la maji. Lakini kila mgeni akija na zawadi, yeye aliuliza kwanza ufunguo atakaa nao nani." Akaniangalia. "Kule Ulaya vifaru viliingia kwa jirani kweli, na barua ya mwaliko ikaonyeshwa kweli. Miaka mingi baadaye watu wakajua barua ilipatikanaje. Vifaru havikurudi nyumbani kwa sababu mtu kasema sori. Mchezo wangu nao hauwezi kudanganya."

Ndivyo nilivyostaafu: kiti nikakiacha, Kaskazini wakakichukua. Siku ya wazazi alihutubia Katibu Mkuu, kwa niaba ya nchi zote rafiki. Nchi rafiki ni nchi isiyoweza kusema hapana. Alipigiwa makofi mengi.

Mimi nilikuwa jikoni na vikombe. Mlango ulikuwa wazi, na hapo nje kwenye ngazi nilimwona Rehema na bibi mmoja aliyejifunika leso. Rehema alikuwa ameikunjua ile karatasi yake, anamsomea nyanya yake peke yake. Kiswahili chake kilikwenda polepole, kikijikwaa na kuinuka. Bibi alikuwa anaitikia kwa kichwa kila sentensi kama anayehesabu tasbihi.

Hotuba ile nilikuwa naijua. Nilimsaidia kuiandika. Katikati kuna mahali anapomshukuru waziri wake, rafiki asiyeacha kumchekesha. Nikafunga bomba ili nisikie.

Rehema alifika pale, akaniona mlangoni, akasita. Kisha macho yake yakashuka mstari mmoja chini, akaendelea.

"Mbona hapo umeruka, mjukuu wangu?" bibi aliuliza. "Pana pengo."

"Hapo hapana mtu, nyanya," Rehema alijibu, kwa Kiswahili safi kabisa.

Nikafungua bomba. Vikombe vilikuwa bado vingi.