Ndovu Aliyekataa Kusimama

Mimi nikiamua jambo siachi, na tabia hiyo ndiyo iliyoniaibisha. Nina mashine ya kufuma ya duara, ile ya kuzungusha kwa mkono. Inatoa kitambaa kama soksi ndefu. Nikijaza pamba, nikafunga na kushona masikio, nina ndovu wa kuchezea watoto.

Mwalimu wa nasari moja kule Milimani alitaka mmoja wa kujaribu. Akimpenda, angeagiza wa darasa zima. Lakini kila nikimsimamisha, ndovu anaanguka kifudifudi. Nikaapa huyu atasimama, apende asipende. Nikafungua debe la maharagwe tuliyoweka ya kupanda hapa Subukia, nikamjaza miguu yote minne. Akasimama kama askari!

"Akimwagikiwa na uji, mwoshe tu," nikamwambia mwalimu, kifua mbele.

Wiki iliyofuata akanipigia simu. "Mama Njeri, kuja uone ndovu wako. Watoto hawataki kumwacha."

Nikavaa nguo ya kanisa. Nikabeba nyuzi za kila rangi, wachague wenyewe.

Nilimkuta dirishani juu ya sahani, bado amesimama wima, kazi yangu safi kabisa. Ila kila mguu ulikuwa umechipuka majani mabichi. Msichana mdogo alikuwa akimmwagilia maji kwa kikombe, polepole. Darasa zima likanigeukia, mimi na nyuzi zangu.

"Teacher," akasema yule mtoto, "muulize ndovu tutamvuna lini."