Sabufa kwenye kiti cha mume wangu

Admin, ficha jina langu, ila hasira yangu iache kama ilivyo. Nina miaka ishirini na saba, nafundisha fizikia sekondari hapa Kalemie, na huu ni mwaka wa pili wa ndoa yangu. Mama mkwe alitoka Nyunzu kuja kututembelea. Hajarudi kwao hadi leo.

Mume wangu ndiye aliyetaka sabufa, ili mechi na filamu zipate mshindo kama wa sinema. Kwa kuwa hajui tofauti ya waya na kamba, alinituma mimi. Dukani muuzaji alinisukumia ile kubwa ya plastiki yenye taa za rangi. Nikaikataa. Nyumba yetu inategemea batri ya sola, na plastiki ile ingenguruma tu. Nilichagua ndogo ya mbao, nzito kuliko inavyoonekana, isiyo na pambo lolote. Bei yake tuliiweza.

Nilimweleza mume wangu jinsi ya kuitafutia mahali pake. Unaiweka sabufa juu ya kiti utakachokalia, unapiga muziki wenye besi, halafu wewe mwenyewe unatambaa kando ya kuta, sikio karibu na sakafu. Pale besi inaposikika safi, ndipo unapoihamishia. Alicheka mpaka akakohoa. "Basi tambaa, mwalimu wangu," akasema, akaenda kwa rafiki zake.

Nikatambaa. Nilikuwa nimefunga mapazia kwa ajili ya jua, nimevua viatu, sabufa iko kwenye kiti cha mume wangu. Nilikuwa nimefika karibu na mlango, macho nimefumba ili nisikie vizuri, mama mkwe alipoingia kutoka sokoni.

"Weye! Unafanya nini pale chini?"

"Nasikiliza, Mama."

"Unasikiliza nani? Na ile kintu nyeusi yenye kulia kwa kiti ya mutoto wangu? Yesu! Kumbe njo maana hamuzali!" Yaani ndiyo sababu hatujapata mtoto.

Alitoka nje akipiga mayowe. Majirani walipojaa uani, tayari alikuwa ameongeza nywele na damu kwenye hadithi yake.

Mume wangu aliporudi, nilishusha pumzi. "Bwana, waambie. Si nilikueleza?"

Alimtazama mama yake, akawatazama majirani, akatazama viatu vyake.

"Mie sijui ile mambo. Sikukuwako."

Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka jiwe. Goti la mama mkwe lilikuwa limevimba tangu akiwa Nyunzu, sasa wanasema ni mimi ninayelila kichawi. Mchungaji ameshaambiwa. Jumapili wanataka nipige magoti mbele ya kanisa zima, nikiri ulozi, kwamba mimi ni mchawi, niombewe.

"Sema tu ndiyo, iishe," mume wangu ananiambia. "Ni maneno tu. Mama atatulia."

Anayasema hayo akiwa amekaa kwenye kiti kilekile, anatazama mechi, sabufa inapiga kutoka pale nilipoiweka. Rafiki zake wanamsifu: "Kaka, sauti njo hii!" Naye anajibu bila haya, "Niliifunga mie mwenyewe."

Eti maneno tu. Nikikiri, mtoto yeyote wa ukoo ule akipata homa, hawatatafuta dawa, watanitafuta mimi. Nimekiri kwa kinywa changu, nani atanitetea? Na wazazi wa wanafunzi wangu wanasali kanisa hilohilo. Nisipokiri, mume wangu amesema nirudi Kabimba kwa Papa, baba yangu mzazi. Jina la mulozi litafika huko kabla yangu.

Wanaotaka kuniandikia "vumilia, dada" wapite wasome kingine. Nimevumilia mpaka nimejichukia. Na jambo ambalo sijamwambia mtu ni hili: kuna asubuhi naamka nikiwa tayari kukubali, kwa sababu bado nampenda huyu mwoga.

Ninyi msionijua, niambieni kabla ya Jumapili. Nijiite mulozi ili nibaki na mume, au nifunge begi langu niondoke, waniite wao?