Siku Kilima cha Simanduk Kilipoungua

Mtu akimwona Mama Lasma akipanda kilima cha Simanduk, kandambili miguuni, kitenge kiunoni, kikapu mgongoni, atadhani anakwenda kuchuma mboga. Nyuma yake ndiko waliko watu wa mjini, wenye viatu vizito na fimbo za chuma, wanahema. Jina lake la kuzaliwa ni Tiominar, lakini tangu alipomzaa binti yake wa pekee hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa kaka yake Marihot, na yeye pia akikasirika tu.

Mumewe alifariki Lasma angali ananyonya. Ndugu wa mume hawakuona wamweke wa nini mjane asiye na mtoto wa kiume. Walimpa sufuria zake na godoro wakamwambia njia anaijua. Marihot ndiye aliyekwenda kumchukua na gari la kubebea vitunguu. Akamkatia kiwanja nyuma ya nyumba yake, hapo kijijini kwao juu ya Ziwa Toba, akapanda mwenyewe kupigilia bati. Mlevi mmoja alipomtania dada mtu kwamba amerudishwa kama mzigo uliokosa mpokeaji, Marihot alimfuata kilabuni akamwomba arudie. Hakurudia.

Kwao Wabatak mwanamke humheshimu kaka yake kama anavyomheshimu mchungaji wa kanisa, pengine zaidi, maana wachungaji huhamishwa. Kaka huyo ndiye mjomba wa watoto wake. Siku ya harusi ni mjomba anayemfunika bibi harusi shuka ya baraka, na harusi ambayo mjomba amesusa huwa haina ladha, hata wakichinjwa nguruwe wangapi. Mama Lasma alilijua hilo kama alivyojua kupumua.

Kazi ya kuongoza wageni ilimjia akiwa shambani. Kijana mmoja alipotea akaingia kwenye vitunguu vyake akiuliza njia ya kileleni. Badala ya kumwelekeza, akampeleka. Wenye nyumba ya wageni kule chini ufukweni wakasikia, wakaanza kumletea watu. Matembezi yenyewe ni mepesi, hata bibi wa wajukuu anayaweza: mnaanza asubuhi kwenye misonobari, mnatokea kwenye nyasi, mnafuata mgongo wa kilima mpaka ziwa linafunguka lote chini yenu, na ng'ambo yake mlima Pusuk Buhit umekaa kimya, kichwa mawinguni. Mchana mnakula, jioni mmerudi. Mama Lasma alikuwa na tabia ya kusimama mara kwa mara na kusema, "Hapa picha hutoka vizuri," ili aliyechoka asilazimike kukiri kwamba amechoka.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali. Nyasi za Simanduk zilikauka zikawa rangi ya ngozi ya simba, na nyati wa Marihot wakaanza kuonyesha mbavu. Kila mwaka wafugaji huchoma nyasi kuukuu ili machipukizi yatoke, na kila mwaka serikali huwakataza.

Jioni moja Marihot alikuja jikoni kwa dada yake, akachota kahawa bila kuuliza.

"Nachoma kesho," alisema.

"Kesho nina wageni, kaka."

"Wewe kila siku una wageni. Nyati wangu wale picha?"

Mama Lasma alicheka, kisha akaacha. "Ngoja basi hata keshokutwa. Wamo wazee."

"Nachoma upande wa bonde. Wewe unapita mgongoni. Upepo wenyewe umelala kama wifi yako akishashiba." Alikuwa akimsema mkewe mwenyewe, Mama Saut, ambaye alimsikia kutoka uani akamjibu kwa tusi. Wote watatu wakacheka. Mazungumzo yakaishia hapo.

Angeweza kuwarudisha wageni. Aliliwaza jambo hilo wakati akichemsha mayai ya safari, akaona kwamba upande wa bonde ni mbali kweli, na kwamba Marihot amechoma tangu ujana wake na hajawahi kuunguza hata kibanda.

Wageni walikuwa wanne. Wawili wasichana wauguzi kutoka Jakarta, waliocheka kila kitu. Wengine mtu na mkewe kutoka Medan: mzee Zulkifli, mwalimu mstaafu mwenye kifua kibovu, na Bi Nurhayati, aliyembebea dawa ya kuvuta kwenye mkoba na kumchunga kama mtoto mtundu.

"Daktari kasema atembee," Bi Nurhayati alimweleza Mama Lasma kwenye misonobari. "Hakusema apande milima. Lakini huyu akisikia neno moja anaongeza mengine mwenyewe."

"Mke wangu angetaka nitembee chumbani," alisema mzee Zulkifli. "Nizunguke kitanda."

"Ungezunguka ukapotea."

Mama Lasma aliwapenda hapo hapo. Alitembea pole kwa ajili ya mzee, akasimama kwa picha nyingi kuliko kawaida. Walipotokea mgongoni, ziwa likafunguka. Wasichana walipiga kelele. Mzee Zulkifli alivua kofia, akaishika kifuani, akatazama maji na mlima ng'ambo kwa muda mrefu, mpaka mkewe akamshika kiwiko akidhani anaumwa.

"Siumwi," alisema. "Miaka yote nilikuwa nawafundisha watoto ziwa hili kwenye ramani. Nilikuwa nalichora dogo mno."

Walikula mchana wakiwa wameketi kwenye nyasi, wakiyatazama maji. Ilikuwa wakati wa kumenya ndizi ndipo upepo ulipogeuka. Mama Lasma aliuhisi shingoni kwanza, kisha akasikia harufu. Aliposimama aliona moshi mweupe bondeni, mwembamba, kisha ukawa mnene na mweusi chini, na moshi huo ulikuwa ukija juu. Moto hupanda kilima haraka kuliko mtu. Alilijua hilo tangu utotoni.

"Tuinuke," alisema. "Acheni vyombo."

"Kuna nini, mama?" aliuliza msichana mmoja, bado anatabasamu.

"Moto. Msikimbilie tulikotoka. Nifuateni mimi."

Njia ya kurudi ilikuwa imekwisha kukatwa na moshi. Mbele, nyasi zilikuwa zimewafika kiunoni. Palikuwa na mahali pamoja tu pasipo na nyasi: kaburi la ukoo wao, kaburi kubwa la saruji alilojenga babu yake yeye na Marihot, limesimama peke yake begani mwa kilima na ua mpana wa saruji kulizunguka. Kila Krismasi walipanda kulifagia. Aliwasukuma wasichana mbele, akamshika mzee Zulkifli mkono mmoja na Bi Nurhayati akamshika wa pili, wakamvuta. Sauti ya moto ilikuwa kama mvua kubwa inayokaribia.

Walifika uani. Mama Lasma alimwaga maji yote yaliyobaki kwenye shungi ya Bi Nurhayati na kwenye kitenge chake mwenyewe, akawalaza wote nyuma ya kaburi, nyuso chini kwenye saruji, akafunika vichwa vyao kwa alichokuwa nacho.

"Msiinuke hata mkiungua," alisema. "Vuteni pumzi ya chini."

Moto ulipita pande zote mbili za kaburi. Joto lilimchubua mikono. Wasichana walikuwa wakilia na Bi Nurhayati akisoma dua kwa sauti, na katikati ya dua alimsikia mzee Zulkifli akikohoa, kikohozi kirefu kisichopata mahali pa kukomea. Kisha mngurumo ukasogea juu, ukawaacha. Kilima chote kilikuwa cheusi, kinatoa moshi. Waliinuka wakiwa hai, wote watano. Dawa ya mzee ilikuwa imebaki kwenye mkoba kule walikokula.

Wanaume wa kijijini walipanda na machela. Marihot alikuwa wa kwanza, amesawijika kwa masizi, akipiga mayowe jina la dada yake, lile la kuzaliwa. Alipomwona alikaa chini kwenye majivu na kushika kichwa. Kisha akainuka, akashika ncha ya machela ya mzee Zulkifli, na hakumpokeza mtu mpaka barabarani.

Mzee alifariki hospitalini siku chache baadaye. Bi Nurhayati alimpigia simu Mama Lasma mwenyewe. Hakulaumu. Alishukuru kwamba mumewe aliliona ziwa, na shukrani hiyo ilimkata Mama Lasma kuliko tusi.

Polisi walikuja kijijini wakitafuta aliyewasha moto. Kila mtu alijua na kila mtu alitazama pembeni. Mwishowe wakamchukua Oloan, mrina asali, mtu mpole asiye na mke, aliyeonekana siku ile kwenye bonde na mwenge wake wa kufukizia nyuki. Walipomuuliza kama alikuwa na moto, alisema ndiyo, maana alikuwa nao.

Mama Lasma alikwenda kwa kaka yake. Alimkuta zizini.

"Kaka, Oloan wamempeleka mjini."

"Nimesikia."

"Nenda ukaseme."

Marihot aliendelea kumkwangua nyati tope mgongoni. "Oloan hana mtoto anayemsubiri. Atakaa kidogo watamwachia. Mimi nikienda, hawa watoto wanne nani atawalisha? Wewe?"

"Nitasaidia. Nitalima mara mbili."

"Mzee wa watu alikuwa mgonjwa, Tiominar. Hata ngazi zingemwua."

"Alikuwa mgonjwa lakini alikuwa anacheka. Nilimshika mkono mwenyewe."

"Na wewe nani alikushika mkono?" Aligeuka. Macho yalikuwa mekundu. "Ulipofukuzwa na sufuria zako, nani alikuja? Bati unalolalia chini yake nani alipigilia?"

"Wewe, kaka. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza."

"Basi umekuja. Rudi nyumbani."

Alirudi. Hakula, na Lasma, aliyekuwa msichana mkubwa sasa na mchumba tayari, aliona, akamfunikia chakula. Asubuhi Mama Lasma alivaa nguo ya kanisani, akapita mbele ya nyumba ya kaka yake polepole, makusudi, ili kama ana neno amwite. Mama Saut alikuwa anafagia. Alimwona, akaacha kufagia, akaingia ndani akafunga mlango.

Polisi walimwandikisha maelezo. Aliwaambia kuhusu kahawa, na upande wa bonde, na upepo. Aliwaambia pia kwamba yeye mwenyewe alijua na hakuwarudisha wageni, na kama kuna adhabu ya hilo yuko tayari. Polisi alimwambia hilo haliandikwi.

Oloan aliachiwa. Aliporudi alimletea Mama Lasma asali kwenye chupa, akaiweka mlangoni na kuondoka bila kubisha hodi. Marihot alifungwa. Mama Lasma alilima mashamba yote mawili kama alivyoahidi, akavuna, akapeleka magunia nyumbani kwa wifi yake. Mama Saut aliyapokea, maana watoto lazima wale, lakini alipokea kwa kumwonyesha kidole pa kuyaweka. Kijijini wengine walisema alifanya la haki. Wengi zaidi walisema mwanamke aliyempeleka kaka yake jela asitegemee mvua. Wote hao walinunua vitunguu kwake bila kumtazama usoni.

Marihot alitoka gerezani amekonda, nywele nyeupe. Harusi ya Lasma ilikuwa imesogezwa mbele kwa kumngoja. Kufuatana na mila Mama Lasma alipika nguruwe na wali, akabeba kwenye ungo mpaka kwa kaka yake kumwomba baraka kwa ajili ya binti. Anayeletewa chakula hicho hurudisha samaki, na samaki huyo ndiye jibu. Marihot alikuwa ameketi barazani. Aliutazama ungo, akanyanyuka, akaingia ndani. Chakula kilibaki pale mpaka Saut, kijana wake mkubwa, akakibeba kwa aibu. Samaki hakuja.

Siku ya harusi kiti cha mjomba kilikuwa kitupu. Wazee wakaanza kunong'onezana kuhusu binamu mmoja wa kukaa badala yake. Ngoma zilikuwa zimekwisha kuanza Marihot alipotokea getini na mkewe, koti lake la zamani likimpwaya, shuka ya baraka imekunjwa mkononi. Watu walimpisha. Alikwenda moja kwa moja kwa Lasma na mumewe, akawafunika mabega pamoja, akasema maneno yote ya mjomba bila kuruka hata moja: wazae, wazeeke, wazikwe na wajukuu.

Kisha akapita mbele ya dada yake kama mtu anayepita nguzo.

Mama Lasma alimpakulia mwenyewe, nyama ya taya, ile wanayopewa waheshimiwa, akaiweka mbele yake kwa mikono miwili. Marihot alikula. Hakuinua macho. Mama Saut, aliyekuwa pembeni yake, alimwegemea wifi yake sikioni.

"Amekuja kwa ajili ya mtoto," alisema. "Kwako bado."

"Najua, wifi."

"Usimlazimishe."

"Simlazimishi. Ale tu, amekonda."

Mama Saut alimtazama kidogo, kisha akasogea kwenye mkeka akamwachia nafasi. Mama Lasma alikaa. Walibaki hivyo, wanawake wawili na mwanamume mmoja anayetafuna taratibu, mpaka alipomaliza, akanawa, akaaga wazee mmoja mmoja, akaondoka.