Kwa wanaotaka kocha wetu wa raga afukuzwe: yaliyotokea baada ya ile penalti

Wakuu, salamu kutoka Kisumu.

Mimi huku ndani huwa msomaji tu. Lakini wiki hii nzima nimesoma mkijadili vijana wetu wa raga na nani awe kocha msimu ujao, na kila ukurasa kuna mtu ameweka ile video fupi ya kocha akimpokonya kijana tee, kile kiplastiki cha kusimamishia mpira. Chini yake maneno ni yale yale: "Aliogopa." "Aliuza mechi." "Aende zake."

Nilikuwa uwanjani siku hiyo. Halafu jioni nilikuwa mahali ambapo hakuna aliyekumbuka kutoa simu kurekodi.

Nitaandika nilichokiona na nilichokisikia. Pale nisipojua, nitasema sijui. Majina nimebadilisha, kwa sababu kijana ana mama yake na mama yake ana majirani.

Kijana tumwite Felix. Kocha tumwite Oluoch.

Kwa wale wasiofuata raga, nieleze kidogo ili tuende pamoja.

Felix ana miaka kumi na tisa na anacheza namba kumi. Namba kumi ndiye anayeamua mpira uende wapi, na kwetu yeye ndiye pia anayepiga penalti. Kocha Oluoch alimtoa shule ya sekondari akamwingiza kikosi cha kwanza wakati wengi wetu tulisema ni mapema mno. Hao vijana wote mnaowasifu humu, ni yeye aliyewaleta. Naomba mlishike hilo.

Mechi yenyewe ilikuwa ya kupanda ligi. Tukishinda, tunapanda. Tukishindwa, tunabaki chini msimu mwingine.

Sasa kuna jambo moja la kwetu ambalo wageni hulishangaa. Mchezaji wetu akianguka asiinuke, mwenyekiti wa mashabiki, ambaye sisi humwita Jakom, huanza kupiga ngoma polepole. Jukwaa zima hupiga makofi kwa mdundo huo huo. Mchezaji akianza kusogea, ngoma inakaza. Akisimama, inalipuka na sote tunaita jina lake.

Tunaiita ngoma ya kuamsha. Tunaipenda sana. Nimeona wachezaji wakiinuka kwa ngoma ile wakiwa na damu puani, na tukajiona tumefanya kazi kubwa kuliko daktari.

Karibu na mwisho wa mechi Felix alikwenda kumwangusha mtu mkubwa sana wa upande wa pili. Alimwangusha. Lakini goti la yule mtu lilimpata kando ya kichwa, na Felix akalala kifudifudi.

Jakom akaanza. Du. Du. Du.

Yule wa huduma ya kwanza alifika, akainama, akamuuliza maneno. Ngoma ikakaza. Felix akapiga goti, akasimama, akainua kidole gumba. Wakuu, hapo uwanja ulipasuka. Mimi mwenyewe sauti ilinikauka. Kocha alikuwa upande wa pili kabisa wa uwanja, na kabla hajazunguka kuja, mchezo ulikuwa umeendelea.

Muda mfupi baadaye refa akatupa penalti, mbele ya milingoti, karibu kiasi kwamba hata mimi na kitambi changu ningejaribu. Tulikuwa nyuma kwa pointi mbili. Penalti ni pointi tatu. Hesabu imekwisha hapo.

Kwetu kocha mwenyewe ndiye hupeleka tee, maana hatuna watu wengi wa benchi. Akaingia nacho. Akampa Felix. Felix akakiweka chini.

Kisha kutoka jukwaani tuliona Felix akimnyooshea kocha mkono. Tukadhani anamwambia aondoke, amwachie nafasi. Watu wakacheka.

Kocha hakuondoka. Alimtazama. Akainama, akaokota tee, akaitia mfuko wa koti, akamgeukia refa na kuonyesha kwamba anabadilisha mchezaji.

Felix alikataa kutoka. Kocha akamshika mkono kama mtoto anayevushwa barabara na kumtoa. Hapo ndipo video yenu inapoishia.

Kijana wetu namba kumi na tano alipewa kupiga. Mpira uligonga mlingoti ukarudi uwanjani. Refa akapuliza kipenga cha mwisho.

Sitaandika matusi aliyotukanwa kocha. Jakom alikuwa amekaa juu ya ngoma yake akilia kama mtu aliyefiwa. "Omera, ndugu yangu, hii mechi imeuzwa," aliniambia. "Kijana alikuwa mzima. Si tumemwona amesimama?"

Na ni kweli, tulikuwa tumemwona amesimama.

Jioni ile ile tukakutana kwenye kibanda kimoja cha samaki kando ya ziwa, tunakokutana baada ya kila mechi. Kamati ya klabu ilikuja yote. Mkataba wa kocha ulikuwa unaisha na msimu, na kamati ilisema wazi kwamba itasikiliza mashabiki kabla ya kuamua. Kura ingekuwa ya kunyoosha mikono.

Nilishangaa kumwona kocha amekuja. Mtu akijua anakuja kuchinjwa si huwa anakaa nyumbani?

Hakukaa mbele. Alikaa pembeni, meza ile ile aliyokaa Felix na mama yake, ingawa Felix alikuwa amempa mgongo. Samaki aliyeletewa hakumgusa. Nilidhani ni aibu.

Alisimama kuongea mara moja tu. "Jakom, mimi sina la kujitetea. Naomba tu gari, huyu kijana aende hospitali, kisha mnifanye mnavyotaka. Nimemwomba tangu uwanjani, amekataa. Nimemwomba mama yake, ameniambia mwanawe ni mzima."

"Kocha, usitubadilishie mada," Jakom akamjibu. "Wa kupelekwa hospitali ni sisi. Tuna pressure wote hapa."

Watu wakaangua kicheko. Mama Felix naye akacheka kidogo, akimpapasa mwanawe bega. Kocha akakaa.

Kisha Jakom akasema kabla ya kura tumsikie mwenyewe aliyenyimwa. Felix akasimama. Ni kijana mpole, hapendi kuongea mbele za watu, na nakumbuka maneno yake kwa sababu nitakayoieleza sasa hivi.

"Wazee wangu na mama zangu, habari ya jioni. Mimi sina maneno mengi. Raga nimeanza hapa hapa nikiwa pekupeku. Leo nilikuwa na mpira, nilikuwa na milingoti mbele yangu. Kocha namheshimu kama baba. Lakini leo amenivunja moyo. Ni hayo tu."

Makofi yalipigwa mpaka sahani zikatetemeka. Wakuu, kama kura ingepigwa dakika ile, kocha alikuwa amekwisha. Hata mimi mkono wangu ulikuwa tayari.

Mama mwenye kibanda akapita na ugali, mtu akaomba chumvi, Jakom akaanza kueleza utaratibu wa kura.

Felix akasimama tena.

"Wazee wangu na mama zangu, habari ya jioni," akasema. "Mimi sina maneno mengi. Raga nimeanza hapa hapa nikiwa pekupeku."

Wengine wakacheka. Mmoja akapiga mluzi. Tulidhani anamwiga Jakom, ambaye ana tabia ya kurudia hotuba.

"Leo nilikuwa na mpira, nilikuwa na milingoti mbele yangu."

Kicheko kikaanza kupungua. Sauti ilikuwa ile ile. Alinyoosha mkono mahali pale pale alipokuwa ameunyoosha mwanzo. Uso wake ulikuwa na woga ule ule wa mtu anayeongea hadharani kwa mara ya kwanza.

"Kocha namheshimu kama baba. Lakini leo amenivunja moyo. Ni hayo tu."

Akangoja makofi.

Nilisikia mafuta yakichemka kwenye karai la samaki.

"Felix," Jakom akasema polepole, "hayo umeshatuambia, baba."

"Nimewaambia lini, Jakom?" Felix akauliza. "Si ndiyo nasimama sasa?"

Nimehudhuria matanga, nimeona ajali pale njia panda ya Mamboleo nilipo na duka langu la vipuri, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kumwangalia kijana aliyesimama wima, anayetabasamu, asiyejua kwamba ameshaongea.

Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili. "Nyathina, niangalie. Mtoto wangu, niangalie mimi."

"Kichwa kinauma, mama," akasema. Hilo ndilo neno jipya la kwanza alilosema. Kisha akatapika.

Kocha alikuwa ameshasimama kitambo. Sasa nikaelewa kwa nini hakula, na kwa nini alikaa meza ile. Hakuja kwenye mkutano wetu. Alimfuata Felix.

"Nani ana gari?" akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza kwa mara ya pili.

Tulitumia pikapu yangu. Mama Felix na mwanawe mbele nami, kocha nyuma amejishikilia, na Jakom naye aliruka nyuma bila kuitwa. Njia nzima Felix aliniuliza tunaenda wapi. Nikimjibu, anasema asante. Kisha anauliza tena.

Hospitalini walimpiga picha ya kichwa. Daktari alituambia kuna damu kidogo imevuja ndani. Wangemlaza na kumwangalia kwa karibu, na kwa bahati hakuhitaji kupasuliwa. Akauliza kama aliendelea kucheza baada ya kugongwa. Kocha akasema ndiyo, kidogo, kabla hajamtoa. Daktari akasema pigo la pili lingeweza kuwa habari nyingine.

Tukiwa pale kwenye benchi ya nje, nilimuuliza kocha alijuaje.

Alitoa tee mfukoni. Bado alikuwa nayo.

"Nilimpa hii, akaiweka chini mwenyewe," akasema. "Halafu akaninyooshea mkono akasema, 'Kocha, nipe tee.' Na iko hapo, kati ya miguu yake."

Ule mkono tuliouchekea jukwaani.

Jakom alisikia. Aliinuka akaenda kusimama peke yake karibu na geti.

Sasa wakuu, nieleze nilichojifunza, bila kumgombeza mtu, maana nami nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi.

Concussion, yaani mtikisiko wa ubongo, si lazima imwangushe mtu. Mtu anaweza kusimama, akainua kidole gumba, akajibu maswali, akatoa hotuba ikaeleweka. Kusimama hakuthibitishi chochote. Kama una kijana anayecheza, iwe raga, iwe soka la mtaani, akigongwa kichwa mtoe, hata akikukasirikia. Felix alikasirika. Alisimama mbele ya watu kumshtaki mtu aliyemwokoa, na alikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu alikuwa hajui.

Vijana wetu wana vipaji. Wataipata hiyo ligi. Nawaomba tu tusiwaharakishe.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na mechi ya kirafiki. Kijana mmoja akaanguka, hakuinuka haraka. Nikamwona Jakom akishika vijiti vyake. Jukwaa zima likamgeukia.

Aliviweka chini, akavua kofia. Tukakaa kimya sote mpaka kijana akatolewa. Wageni walidhani tumefiwa.

Kamati bado haijaamua kuhusu kocha. Inasoma maoni, na najua wengine wao wako humu, ndiyo maana nimeandika.

Felix yuko nyumbani sasa. Raga hatacheza kwa muda, labda muda mrefu, daktari ndiye atasema. Siku ile nzima haikumbuki: mechi, kibanda, hata pikapu yangu. Nilimtembelea juzi, akaniuliza kama ile penalti aliipiga.

Nikamwambia hapana, kocha alikutoa.

Akafikiri kidogo. "Na nyinyi mlimfanya nini?"

Nikamwambia nitamletea jibu.

Karibuni mchangie, wakuu. Hata mnaompinga kocha, karibuni, tuzungumze kwa upole. Nitamsomea Felix majibu yenu.