Mnanitaja mfano wa soko huria? Mtaji wangu niliukata kwa gesi kwenye kiwanda chetu wenyewe

Mwaka 1996, nikiwa na miaka 31, ndio nilianza kujua njaa ya mtu mzima.

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine marahaba. Naandika kwa kidole kimoja na miwani ya mke wangu, makosa ya herufi mtanisamehe. Uongo humu haumo. Nina hasira tangu juzi, na nikikaa nayo kimya presha itanimaliza.

Shule niliishia la nne, upande wa Butiama. Mama akanihamishia kwao, kijiji cha wakulima wa pamba nje kidogo ya Bunda mjini. Nilivyokua nikapata kazi kiwanda cha kuchambua pamba, mali ya ushirika wa wakulima wenyewe. Kazi yangu grisi. Kila asubuhi napaka mashine grisi kabla hazijawashwa. Nilizijua kwa mlio, hii leo inaumwa, hii imeshiba.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penyewe.

Kijijini tulikuwaga na chama cha msingi, chama cha wakulima. Chama kina ghala la bati na ndani yake mzani mkubwa wa kuning'inia. Siku ya kwanza ya msimu, kabla haijapimwa hata pamba ya kujaza mto, linatundikwa jiwe. Tunaita jiwe, lakini ni chuma cha kilo ishirini chenye pete juu. Mwanamke mkulima ndiye analitundika, sababu wanawake ndio wanaochuma. Mzani ukisoma ishirini, kazi inaanza. Usiposoma ishirini, hakuna anayefungua gunia. Hata aje nani.

Sisemi chama kilikuwa cha malaika. Malipo yalichelewaga mpaka mtu anauza mbuzi. Katibu wetu alijenga nyumba ambayo mshahara wake usingejenga hata choo chake.

Basi wakaja na soko huria. Wakopeshaji wa nje wameibana serikali, serikali imeachia, wanunuzi binafsi wakaingia na magari. Msimu wa kwanza wakalipa palepale, taslimu. Nilishangilia mimi! Kwenye mkutano wa kuamua kama chama kiendelee, nilisimama nikasema kife, tumechoka na wezi.

Katibu alikuwa mwizi. Tulitakiwa tumfunge katibu. Tukafunga chama.

Na lile jiwe? Halikutundikwa tena. Hakuna aliyeuliza, tulikuwa na noti mfukoni. Hili ndilo kosa letu watu wa pamba, na silisamehe mpaka leo. Tuliruhusu mtu aje na mzani wake, asome mwenyewe, atutajie mwenyewe.

Haikupita misimu mingi. Wanunuzi wakapungua, waliobaki wakawa wanakunywa meza moja. Bei ikashuka, na hakuna pa kukimbilia. Gunia lile lile lililokuwa linakushinda kubeba, kwenye mzani wao limekuwa jepesi.

Kiwanda kikauzwa kwa mtu wanayemwita mwekezaji. Akakifunga. Godauni la pamba akaligeuza stoo ya mitumba. Hebu pateni picha, pamba inatoka kwetu mbichi, inarudi imevaliwa na mtu mwingine mpaka kwapa limechanika, tunainunua.

Mimi na wenzangu tukatolewa getini mikono mitupu. Na msidhani tuliumia sisi tu. Mama wa furu aliyekuwa anatuletea samaki kutoka Musoma, fundi viatu, muuza uji, wote walikuwa wanakula kwenye mshahara wetu. Wataalamu waliotuambia kiwanda ni mzigo hawakumhesabu mama wa furu. Hayupo kwenye vitabu vyao.

Mwaka huo ndio 96. Mlo mmoja. Mke alirudi kwao kwa muda, simlaumu.

Baadaye akaja mnunuzi wa chuma chakavu, anatafuta mtu anayezijua mashine zile. Nani anazijua kama mimi? Nikapewa gesi ya kukatia. Nikazikata, wakuu. Moja baada ya nyingine, zile zile nilizokuwa nazipaka grisi. Nilipomaliza nikaenda kwenye ghala la chama lililobaki bila mwenyewe, nikaushusha na mzani, nikauuza. Jiwe nikabaki nalo. Sijui kwa nini. Nikaja nalo Musoma, na nilipojenga Bweri nikaliweka kuzuia geti lisigongwe na upepo.

Huo ndio mtaji wangu. Nikanunua mashine ya kuchomelea, nikatengeneza mageti na madirisha, nikainuka. Kazi nilifanya, sitaki mtu anibishie. Lakini chuma cha kwanza kilikuwa cha wakulima wa Bunda.

Sasa tuje juzi.

Mtendaji wa kijiji kanipigia. "Mzee wangu, kuna kampuni ya pamba inataka kununua lile ghala la zamani. Wananchi wanasitasita. Njoo uwape moyo, wewe ni mfano, ulianza na sifuri."

Wanajua wanachouza? Ghala ndilo pekee lililobaki. Ukiwa nalo unakusanya pamba na wenzako, mnasubiri, mnakataa bei mbaya. Ukiwa huna, unauza barabarani siku hiyo hiyo kwa gari la kwanza, maana mvua haikusubiri.

Nikang'oa jiwe getini. Nikalifunga kwenye kiroba nikapanda gari ya Bunda.

Nimefika, watu wamejaa kwenye baraza la ghala. Kuna kijana wa kampuni, shati limenyooka, ametundika mzani wa kidijitali mlangoni kwa maonyesho. Anahubiri. "Ninyi wa Butiama na Bunda mlilishwa ujamaa mpaka mkasahau kujituma. Mwangalieni mzee huyu! Nani alimsaidia? Hakuna! Soko lilimsaidia. Mzee, karibu uwaambie."

Nikasimama. Nikawaambia yote niliyowaandikia ninyi hapa. Gesi, mashine, mzani wao. Wengine walikuwa hawajui ni nani aliyeuchukua. Nyuma mtu akasema, "Kumbe ni wewe, mura!"

Kisha nikafungua kiroba.

Mama Nyangeta alikuwepo. Ndiye alikuwaga analitundika enzi zile. Sasa mgongo umepinda, lakini alilijua kabla sijalitoa lote.

"Jamani, jiwe letu," akasema. Akanigeukia. "Mwizi mkubwa wewe. Lete hapa."

Watu wakacheka. Vijana wawili wakamsaidia kulinyanyua mpaka kwenye mzani wa kampuni.

Yule kijana akaruka katikati. "Mama, hapana! Huu mzani umehakikiwa. Una stika."

"Sawa baba. Basi hautaogopa jiwe."

"Utaratibu wa kampuni hauruhusu kupima kitu kisicho pamba."

"Na mimi utaratibu wangu hauruhusu kufungua gunia. Chagua."

Kijana akamwangalia mtendaji, mtendaji akaangalia simu yake. Kijana akauchomoa mzani kwenye ndoano, akaurudisha kwenye gari, mbele ya watu wote.

Hakuna aliyehutubia tena. Mtendaji akauliza nani anakubali ghala liuzwe. Mkono mmoja, wa mtendaji mwenyewe. Akaushusha.

Sijui kama watarudi. Watarudi, nawajua. Lakini wakulima wameshaanza kuandikishana upya, na sharti la kwanza walilokubaliana ni jiwe.

Nimejifunza hivi, kwa elimu yangu ya la nne. Mnabishana soko, serikali, soko, serikali, kwa Kiingereza kirefu. Mimi nauliza mzani ni wa nani, na nani anaruhusiwa kuujaribu. Kama mkulima haruhusiwi, hapo hakuna soko huria, kuna mtu mmoja huria na sisi wengine. Na wale waliotufundisha kuwaacha wakulima wetu wajitegemee, wa kwao wanawapa ruzuku mpaka leo. Msije kuniambia uvivu. Mchuma pamba mvivu hajazaliwa.

Na mkiniita self-made tena nitawatukana.

Mwenye hoja ailete. Mwenye matusi naye alete, nimetukanwa na Mama Nyangeta, hamnitishi. Waliofanya kazi viwanda vya pamba popote, semeni cha kwenu kilikufaje.

Kwa wanaopenda kuuliza mzee ana nini:

Nyumba Bweri, vyumba vitano.
Karakana ya kuchomelea, mafundi wanne.
Ng'ombe kumi na mmoja, wako kwa shemeji Nyegina.
Kiwanja Manyamanyama, bado pori.
Pikipiki moja, mbovu.
Geti linalogongwa na upepo usiku kucha.

Jiwe sina. Liko ghalani, kwenye ndoano yake.